Vizibo Ndani ya Duara

Daktari alisema Yahye si mwendawazimu, na Istar hakujua acheke au alie.

Alikuwa amesimama kwenye veranda ya wadi ya wagonjwa wa akili, buibui limemganda mgongoni kwa jasho. Mkononi alishika kopo la maziwa ya ngamia ambalo askari wa mlangoni alikuwa amemwamuru alionje kwanza mbele yake, kana kwamba mama anaweza kumletea mwanawe sumu. Yahye aliletwa hapa na polisi, kichwa kimefungwa fulana iliyolowa damu. Lori la kampeni lilikuwa limesimama katikati ya soko na vipaza sauti vyake. Yahye akaziba masikio, akapiga mayowe, akakimbia bila kuangalia mbele na kumwaga madumu ya wanawake wanaouza maziwa. Watu wakadhani ni mwizi. Kijana mzima anayekimbia sokoni huku akipiga kelele haulizwi kitu, anapigwa kwanza.

"Kama hapana wazimu, basi ni nini?" Istar aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Unaitwa usonji, mama. Amezaliwa nao."

"Dawa yake?"

"Huu hauna sindano. Anahitaji utulivu, na watu wanaomwelewa. Alhamisi nitamruhusu aende nyumbani. Kabla ya hapo muone Madam Mwende."

Daktari akaenda zake, wagonjwa wengine walikuwa wanamngoja. Istar akabaki na lile neno geni mdomoni. Miaka yote watu wa mtaa wake wa Bulla Iftin walimwita mwanawe *waali*, mwendawazimu. Wapo waliomsomea, wapo waliomchoma nyuma ya sikio kwa msumari wa moto. Leo ameambiwa kuna jina jingine, na kwamba mwanawe hakuwahi kuwa vile walivyosema. Alitamani mumewe angekuwa hai aisikie habari hiyo.

Madam Mwende alikuwa afisa wa ustawi wa jamii, mwenyeji wa Mwingi, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole na meza iliyojaa faili. Ofisi yake zamani ilikuwa stoo ya dawa na bado ilinuka dawa. Alimkaribisha Istar kwenye kiti, akamweleza polepole. Ng'ambo ya mji kulikuwa na kituo cha mchana, kimefunguliwa na shirika fulani kwa ajili ya vijana kama Yahye. Kulikuwa na kivuli, hakukuwa na makelele, walifundishwa kazi za mikono. Muuguzi wa kituo alikuwa akiwatembelea nyumbani. Na kijana aliyesajiliwa huko hafungwi mnyororo, kwa sababu muuguzi akikuta mnyororo anauliza maswali.

Istar aliposikia neno mnyororo alishtuka, akaangalia chini. Katika mtaa wake kulikuwa na nyumba mbili zenye minyororo, na anayepita alfajiri huisikia ikiburuzwa.

"Yahye anaweza ingia?"

"Nafasi ni chache. Zinapewa wale wasio na watu wa kuwashika mkono. Kwa hiyo kazi yangu ni kujua Yahye ana nani. Sisemi ukoo, mama. Nasema nani anamlisha, nani anakaa naye akisumbuliwa na kelele, nani anamjulia hali. Jumatano tutakuwa na kikao cha familia. Njoo na watu wake."

"Wote?"

"Wale wa kweli."

Laiti Mwende angemuuliza palepale, mlango umefungwa, wakiwa wawili tu. Istar angejibu bila kumeza mate: ni mimi, na Alio wa maji. Lakini utaratibu ulisema kikao cha familia. Aliyeuandika utaratibu huo sijui ni nani, ila najua hakuwahi kuwa mjane anayelala katika boma la shemeji yake.

Alio alimkuta Istar karibu na geti la nyumbani, akasimamisha mkokoteni. Alikuwa mkulima wa kando ya mto Tana ambaye shamba lake lilichukuliwa na mafuriko, sasa anauzia watu maji kwa mkokoteni wa punda. Kwa watu wa boma la Kulow, shemeji yake Istar, yeye alikuwa "yule wa maji". Hakuwa wa ukoo wao, wala wa ukoo wowote waliouhesabu.

"Mama Yahye, anatoka lini?" aliuliza.

"Alhamisi, inshallah."

"Huyu naye ananisumbua," Alio akasema akimgonga punda shingoni kwa kiganja. "Akifika hapa getini hataki kwenda. Anamngoja."

Kila asubuhi, mwaka wa nne sasa, Yahye alikuwa akitoka getini mkokoteni unapofika, anashika shingo ya punda upande wa kushoto, na wanakwenda hivyo hadi kwenye kioski cha maji na kurudi. Yahye ndiye aliyejaza mitungi. Hakumwaga hata tone. Wakikutana na lori lenye honi, Alio husimamisha mkokoteni na kuingia katikati, mgongo wake kwa lori, mpaka lipite. Hawakuzungumza sana. Alio si mtu wa maneno, na Yahye, akianza maneno, huzungumza Kiswahili cha taarifa ya habari, kwa maana lugha hiyo alifunzwa na redio kuliko shule.

"Jumatano kuna mkutano hospitali," Istar alisema. "Wanauliza watu wake."

"Nije?"

Istar akaliangalia geti la Kulow, geti refu la chuma lililopakwa rangi ya buluu. Akavuta mtandio.

"Utakuwa na kazi siku hiyo," alisema.

Alio alielewa. Aliitikia kwa kichwa, akamvuta punda, na punda akagoma kidogo kabla ya kwenda.

*

Kulow aliuza vifaa vya ujenzi katika duka kubwa lenye milango miwili. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima lisemwe. Ndugu yake alipofariki, yeye ndiye aliyesimamia maziko. Yeye ndiye aliyempa Istar chumba nyuma ya boma, na kila Ramadhani unga na tende vilifika mlangoni. Ila katika miaka yote hiyo neno alilowahi kumwambia Yahye ni moja: "Waryaa, we kijana, toka njiani."

Istar alimkuta ameketi nyuma ya kaunta na gilasi ya chai. Wao kwa wao walizungumza Kisomali, na katika lugha yake Istar hakuwa mtu wa kubabaika, lakini mbele ya Kulow hata lugha yake ilimwia nzito.

"Walaal, ndugu yangu, hospitali wameomba kikao. Wanataka kujua anayemsaidia Yahye."

"Serikali inauliza kama mtoto wa ndugu yangu ana watu?"

"Wanauliza anayemsaidia."

"Hilo ndilo hilo." Kulow akaweka gilasi chini. "Wanasemaje hasa?"

Istar akakusanya nguvu. "Kuna kituo. Ni kizuri, hakuna kelele, na muuguzi anakuja nyumbani. Lakini wanachukua wale wasio na watu. Nilikuwa nafikiri, walaal, tukienda wachache. Mimi, na labda..."

"Na nani?"

Jina la Alio lilifika kwenye ulimi likarudi.

"Unataka nikae mbele ya mgeni nimwambie kwamba ukoo wetu mzima umeshindwa na mtoto mmoja?" Kulow hakupaza sauti, hakuwa na haja. "Nenda Dadaab, kule kambini, uwaone wasio na watu. Wamekimbia vita, jamaa zao wamekufa, hao wana haki ya kusema. Sisi tuko kwetu. Baba yangu kazikwa hapa. Kesho mtu akisimama kuomba kura, au kuomba binti yetu, atasikia nini? Kwamba hawa ni wale waliompeleka mtoto wao kwa wazungu kwa kukosa wa kumtazama?"

"Si wazungu, walaal."

"Istar. Una shida gani katika nyumba ile? Mvua inavuja? Kuna mtu amekwambia utoke?"

"Hapana."

"Basi."

Akachukua simu. Istar alisimama pale akimsikiliza akiwapigia jamaa mmoja baada ya mwingine, Jumatano, saa nne, mje bila kukosa, tunaulizwa kama tuna watu. Kila aliyepigiwa alikasirika kwa niaba ya ukoo na kila mmoja aliahidi kuja. Kulow alimaliza akamtazama shemeji yake kwa uso wa mtu aliyetenda wema.

"Umeona? Hakuna hata mmoja aliyekataa."

*

Jumatano jamaa walikuja wote, wengine na bakora, wengine na suti. Viti vya ofisi ya Mwende havikutosha, ikabidi kikao kihamishiwe kwenye ukumbi wa chakula wa wagonjwa. Hanad, dalali wa mifugo, alikatisha safari ya Eldas kwa ajili hiyo. Abdilatif, kijana wa Kulow anayeuza simu, alikuja amenyunyiza manukato yaliyomfanya Yahye aelekee dirishani mara moja na kubaki huko, pua kwenye wavu.

Mwende alipoona umati ule alifurahi kidogo, kisha akaingiwa na wasiwasi. Alipiga magoti akachora sakafuni kwa chaki duara dogo, la pili likilizunguka, na la tatu likiyazunguka yote. Akamimina vizibo vya soda kutoka kwenye mfuko wa plastiki.

"Katikati ni Yahye," alisema. "Kila kizibo ni mtu. Aliye karibu naye sana, duara la ndani. Anayemsaidia mara mojamoja, la pili. Anayemjua tu, la nje."

Wazee waliangaliana. Mchezo wa watoto, walifikiri, lakini serikali ina mambo yake. Kulow akainuka, akachukua kizibo, akakiweka ndani kabisa ya duara dogo, karibu kumkanyaga Mwende vidole.

"Huyu kijana ni yetu," akasema kwa Kiswahili, akihakikisha wote wanamsikia. "Yeye iko baba mingi. Mimi ni baba yake namba moja. Hakuna kitu anakosa. Hafana shida."

Hanad hakukubali kuachwa nyuma. "Mimi nabeleka yeye soko ya mifugo. Anakaa na mimi, anajifunza kazi." Kizibo kikaingia.

"Kila Ijumaa mimi ndio naenda na yeye msikiti," alisema Abdilatif. "Yani ni ndugu yangu, madam. Tuko tight."

Ikawa mashindano. Kila mmoja alikuja na kizibo chake na neno lake. Mmoja alisema Yahye hula kwake, mwingine kwamba humnunulia nguo za Idi. Nani angeweka kizibo chake duara la nje mbele ya binamu zake? Duara dogo lilijaa hadi vizibo vikapandana, na maduara mawili ya nje yakabaki chaki tupu. Istar alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono ndani ya buibui. Hakuna mtu aliyempa kizibo.

Yahye akageuka kutoka dirishani. Vizibo vilivyopandana vilimuudhi, hilo lilionekana usoni. Alikuja, akachuchumaa, akaanza kuviondoa kimoja kimoja na kuvipanga nje ya mduara wa mwisho, ukutani, katika mstari ulionyooka.

"Adeer Kulow," alisema kwa ile sauti yake ya redio, akimwita ami yake kwa Kisomali, "hajawahi kuingia chumbani kwetu. Hanad sijawahi kwenda naye sokoni. Abdilatif huenda msikitini kwa gari na gari hilo sijalipanda. Huyu nilimwona mara ya mwisho katika maziko ya marehemu baba. Huyu simfahamu."

Mwende aliacha kuandika.

Yahye alipomaliza, duara lilikuwa tupu. Akachukua kizibo, akakiweka. "Mama." Akachukua cha pili. "Alio." Akafikiri kidogo, akachukua cha tatu, akakigeuza upande ili kisiguse kile cha Alio, ila kiwe karibu. "Punda."

Kicheko kililipuka. Kulow ndiye aliyeanza, na wote wakamfuata kwa nafuu kubwa, wakipigana mabega.

"Umeona, madam? Ameweka bunda! Bunda ni mtu yake! Ndio maana iko hospitali."

Yahye aliziba masikio. Mwende alisubiri kicheko kiishe, na hakucheka. Alikuwa na macho, aliona. Lakini alikuwa pia na mkubwa wake aliyetaka ripoti kabla ya jioni, na taratibu zilizosema mlezi mkuu ndiye mwenye neno la mwisho. Akamgeukia Istar.

"Mama Yahye, wewe ndiye unayeishi naye. Nieleze wewe. Ni vile walivyosema hawa, au ni vile alivyopanga mwenyewe?"

Vichwa vyote viligeukia mlangoni. Istar alimwona Kulow akimtazama bila hasira yoyote, kwa utulivu wa mwenye nyumba. Alifikiria chumba, kitanda, sufuria zake, na mvua ambayo haivuji ndani. Alifikiria pia kituo chenye kivuli.

"Mtoto ni mgonjwa," alisema. "Hajui anasema nini."

"Mama," Yahye alisema, mikono bado masikioni, "ninajua."

"Na huyu Alio ni nani?" Mwende aliuliza. "Ni jamaa?"

Istar akainuka. Miguu ilimbeba hadi kwenye duara, akainama, akakiokota kile kizibo, na kile cha punda pia.

"Ni mtu ya maji tu. Si mtu yetu."

Akavitia vizibo viwili kwenye mfuko wa plastiki. Mwende aliandika. Wazee wakarudisha vizibo vyao mahali pake, kwa mpango mzuri zaidi safari hii, wakasoma dua, wakapeana mikono. Ripoti ilisema kijana ana mtandao mpana na imara wa jamaa, na kwamba hahitaji nafasi ya kituo.

*

Jioni ileile Kulow alimwita Alio kwenye kioski cha maji. Kioski kilikuwa cha Kulow.

"Kwangu usipite tena," alimwambia. "Jina la familia yangu limetajwa serikalini pamoja na punda wako. Kama unataka kuendelea kuchota hapa, zunguka njia ya nyuma."

Alio alikuwa na watoto wanaokula kwa mkokoteni ule. Alisema sawa, mzee. Alimvuta punda kwa njia ya nyuma, na punda alipofika njia panda alisimama, ikabidi achapwe, jambo ambalo Alio hakulizoea.

Yahye alirudi nyumbani Alhamisi. Asubuhi iliyofuata alisimama getini, mkono wa kushoto umenyooshwa kidogo kwa urefu wa shingo ya punda. Jua likapanda. Mama yake alimletea maji, akamwambia Alio amepata njia nyingine.

"Njia ipi?"

"Nyingine."

"Atarudi lini?"

Istar akajitia kufagia.

Sasa Yahye hakuwa mtu wa kusahau alichoambiwa. Kama watu wale wazima walisema mbele ya afisa kwamba wanafanya jambo fulani, basi wataanza kulifanya. Alikwenda kwa Hanad asubuhi na mapema, akasimama mlangoni akiwa tayari kwa soko la mifugo. Hanad alimwambia leo hapana. Kesho yake alikuwa hapohapo. Alikwenda kwa yule aliyesema hula kwake, akaketi kwenye mkeka wakati wa chakula cha mchana, akangoja. Walimpa chakula siku ya kwanza, siku ya pili walimpa uani, siku ya tatu walifunga mlango wakajifanya hawapo, na sauti za watoto zikasikika ndani.

"Mwambie mwanao aache kutuaibisha," mke wa Hanad alimwambia Istar sokoni, mbele ya watu.

"Mumeo si alisema anakwenda naye sokoni?"

"Alisema kwa ajili ya heshima yenu! Hivi unataka kunishika maneno?"

Istar alinunua chumvi yake akaondoka. Uso ulimuwaka njia nzima. Kilichomuuma si matusi bali kwamba Yahye alikuwa na haki na hakuna hata mmoja, yeye akiwemo, aliyethubutu kumpa.

Ijumaa ilifika. Yahye alioga, akavaa kanzu nyeupe ya marehemu baba yake, akaenda dukani kwa Kulow kumngoja Abdilatif. Abdilatif alipomwona alitokea mlango wa pili, akaingia garini. Yahye aliliona gari likiondoka. Hakukasirika. Alisimama katikati ya mlango wa duka, akawa anasema, kwa utaratibu, kila baada ya muda mfupi, "Alisema kila Ijumaa. Alisema kila Ijumaa."

Wateja waliokuja walishindwa kupita. Mmoja, mkandarasi mwenye oda kubwa, alitikisa kichwa akarudi kwenye gari lake. Kulow akawa anachemka nyuma ya kaunta. Ndipo lori la mabati lilipofika, na wapakuzi wakaanza kuyatupa chini, bati juu ya bati.

Mayowe ya Yahye yalisikika hadi msikitini. Alijigonga kichwa kwenye rafu, makopo ya rangi yakaanguka, moja likapasuka na kumwagika juu ya kanzu. Hapakuwa na mtu wa kuingia katikati na kumkinga. Wapakuzi walimshika, na kadiri walivyomshika ndivyo alivyopigana, mpaka meno yake yakapata mkono wa mmoja wao.

Istar aliitwa. Alimkuta mwanawe chini, amekaliwa mgongoni, rangi ya buluu hadi kwenye nywele.

"Mwachilieni," alisema. "Mwachilieni, atatulia, mwachilieni tu!"

"Atatulia nikimfunga," alisema Kulow. Kusema kweli alikuwa ameogopa, ingawa hakuna aliyemwona akiogopa. "Nimevumilia, Istar. Jumatatu nitaleta mnyororo. Ni kwa usalama wake mwenyewe."

*

Jumatatu, kabla ofisi hazijafunguliwa, Istar alikuwa ameketi kwenye ngazi ya hospitali. Mwende alipofika alimtambua, akamfungulia, akamvutia kiti.

"Madam, mimi nasema kweli sasa," Istar alianza kabla hajaketi. "Ile siku mimi naogopa. Yahye hana mtu. Ni mimi tu. Na ile mtu ya maji, Alio, yeye ni mtu mzuri, yeye ndio anajua Yahye, na sasa wamemfukuza. Ile fizibo ya wazee yote ni urongo. Andika hifyo. Andika Istar amesema urongo."

Mwende alivua miwani akaiweka mezani.

"Mama, nafasi imeshachukuliwa."

"Na nani?"

"Mwanamke kutoka Kotile. Alikuja peke yake na binti yake. Nilipomuuliza ana nani, akasema hana mtu."

"Hana mtu kweli?"

"Sijui, mama. Alivyosema ndivyo nilivyoandika. Na wewe nilikuuliza."

"Uliniuliza mbele yao," Istar alisema.

Damu ilimpanda Mwende usoni. Angeweza kusema taratibu, angeweza kusema mkubwa wangu, na yote yangekuwa kweli. Mwishowe alisema kwamba kungekuwa na tathmini nyingine wafadhili wakikubali, labda mwakani, na kwamba jina la Yahye ataliweka juu kabisa.

"Leo wanaleta mnyororo," Istar alisema. "Mwakani ni mbali."

"Nitajaribu kuja nyumbani kwenu wiki hii. Nitazungumza na mzee."

"Ukija atakupa chai," Istar alisema, akainuka.

Alirudi kwa miguu. Alitembea haraka, baadaye karibu anakimbia, akijiambia kwamba Kulow ni mtu wa shughuli, hawezi kutekeleza jambo asubuhi. Akapanga maneno. Angemwambia atahama, atakwenda Buna kwa kaka yake, atalala chini ya turubai, lakini mwanawe hafungwi. Maneno yalikuwa mazuri na aliyarudia mpaka yakamkaa. Alipofika kona ya boma aliona magari.

Jamaa walikuwa wamekuja wote. Gari la Hanad lilikuwepo, na la Abdilatif, na pikipiki za wengine, zimepangwa kando ya geti kama siku ya harusi. Walikuwa wakitoka, wamekunja mikono ya mashati, wanatweta, wanafuta jasho. Abdilatif alikuwa na alama za kucha shingoni. Walimpisha Istar kwa heshima. Mmoja alimwambia ajikaze, Mungu atalipa subira yake. Kulow alisimama mlangoni mwa chumba, chumba ambacho leo ndiyo mara yake ya kwanza kukiingia.

"Isingewezekana bila watu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Ana nguvu sana."

Maneno ya Istar yote yalimtoka. Alipita akaingia ndani.

Yahye alikuwa ameketi sakafuni, mguu mmoja umeunganishwa na nguzo ya nyumba. Hakuwa akilia. Alikuwa ameukunja mnyororo uliobaki akaupanga kando yake kwa duara, pingili juu ya pingili, kwa uangalifu. Rangi ya buluu ilikuwa bado kwenye masikio yake.

"Mama," alisema, "leo wamekuja wote. Adeer Kulow amekuja. Hanad amekuja. Abdilatif amekuja. Hata yule nisiyemfahamu amekuja." Akaangalia mlangoni. "Alio bado."

Istar alikaa chini mbele yake, akamshika mguu, ule usiofungwa.

"Alio haji," alisema.

"Kwa nini?"

Nje injini za magari zilianza kuwaka, moja baada ya nyingine, na Yahye akaziba masikio. Istar alingoja. Angeweza kunyamaza, kwa kelele zile asingemsikia. Lakini alingoja mpaka gari la mwisho likaondoka, akaishika mikono ya mwanawe na kuiteremsha taratibu kutoka masikioni, ili amsikie vizuri.

"Kwa sababu nilimwondoa mimi," alimwambia.